Dawa za komahedhi ni ghali, lakini usiache moja kati ya hizo mbili: yaliyonikuta mimi Moshi

Dada wa Njiro, pole sana. Umesema daktari amekuandikia dawa mbili za homoni kwa ajili ya komahedhi (hedhi kukoma), estrojeni na projesteroni, na famasi wamekupigia hesabu ya shilingi 112,000 kwa mwezi. Mzee hana kazi tangu mwaka jana. Unauliza kama unaweza kununua ile inayotuliza joto la ghafla mwilini peke yake, na kama inafaa kuagiza kile kidonge kipya anachokisifia mpwa wako aliyeko Marekani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako la kwanza mimi nililijibu mwenyewe bila kumuuliza mtu, na nusura linigharimu kizazi.

Nina miaka 54, ni fundi cherehani hapa Moshi, sina bima. Joto lilinianza nikiwa na 50. Wanaosema "vumilia, bibi zetu walivumilia" hawajui lilivyo. Ni mwezi wa saba, Moshi baridi kali, mume wangu kajikunja ndani ya blanketi mbili, mimi nimekaa kitandani nimelowa mgongo mzima, nimefungua dirisha. Siku moja nilikuwa nashona gauni la kipaimara, satini nyeupe ya mteja. Joto likapanda kutoka kifuani hadi kwenye paji la uso, na kabla sijashika kitambaa cha kujifutia, tone la jasho likadondokea kifua cha gauni. Satini ukiilowesha inaacha alama. Nililazimika kununua kitambaa kingine kwa hela yangu na kukata upya usiku huo huo, maana kipaimara kilikuwa Jumapili. Nikasema basi, naenda hospitali.

Daktari alinipima presha, akauliza kama kuna saratani ya matiti kwetu, kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama nina shida ya ini. Akaniandikia dawa mbili kama zako. Estrojeni kila siku, projesteroni siku 12 kila mwezi. Wiki ya tatu nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nililia asubuhi, nakwambia kweli.

Sasa hela. Projesteroni ndiyo iliyokuwa ghali zaidi, na ndiyo iliyokuwa inaniletea damu kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa tano ada za shule zikanibana. Nikaenda famasi moja na shilingi 50,000 mkononi, nikamuuliza kijana aliyekuwa kaunta nianze na ipi. Akaniambia chukua hii ya joto, ile nyingine ni ya kusaidia tu. Nikafurahi. Joto halikurudi, damu ikakata, nikaona nimepata njia. Nikaendelea hivyo miezi mitano bila kumwambia daktari.

Mwezi wa sita wa kumeza estrojeni peke yake nikaanza kutoka damu. Si hedhi, ni mabonge, siku kumi na moja mfululizo. Ultrasaundi ikaonyesha ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa. Wakakata kipande kidogo cha ukuta huo kwenda kupima, nikasubiri majibu wiki mbili na nusu. Hizo wiki sitaki hata kuzikumbuka. Nilikuwa nashona na kufumua mshono ule ule. Majibu yakaja, hakuna saratani, ila ukuta ulikuwa umeanza kukua kupita kiasi. Wakanisimamisha estrojeni, nikameza projesteroni peke yake miezi kadhaa mpaka ukapungua. Ukijumlisha ultrasaundi mbili, kipimo cha hicho kipande, nauli na siku ambazo sikushona, nilitumia zaidi ya dawa zote mbili za mwaka mzima.

Daktari alinieleza taratibu nikaelewa. Estrojeni ndiyo inayotuliza joto, lakini ndiyo hiyo hiyo inayootesha ukuta wa ndani ya kizazi. Projesteroni inauzuia usizidi. Ukimeza estrojeni peke yake na kizazi unacho, ukuta unanenepa mwezi hadi mwezi, na ukiachwa unaweza kugeuka saratani. Mwanamke aliyetolewa kizazi kwa upasuaji, kwa kawaida huyo ndiye anayepewa estrojeni peke yake. Kwa hiyo kama shoga yako anameza moja tu na yuko salama, muulize kwanza kama kizazi anacho. Wewe ukikosa hela ya zote mbili, rudi kwa daktari kabla hujanunua chochote. Usichague kaunta kama nilivyofanya mimi.

Niliporudi kuanza upya, safari hii nilisema wazi: daktari, sina uwezo wa laki kwa mwezi. Mara ya kwanza niliona aibu kusema, nikanyamaza, ndiyo nikaishia kujipangia. Kumbe alikuwa ameniandikia jina la kampuni, tena la ile tuliyozoea kuiita orijino. Akaandika upya jina la kiambato, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya kidonge. Estradioli, ambayo ndiyo estrojeni, kipimo cha chini kuliko cha mwanzo, kwa kuwa joto lilikuwa limepungua, na badala ya vile vidonge laini vya projesteroni akaandika medroksiprojesteroni, ambayo inafanya kazi ile ile ya kulinda ukuta wa kizazi na kwangu imekuwa rahisi mno.

Kisha nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma nikaandika famasi nne: moja karibu na stendi, mbili za mjini kati, moja ya hospitali. Kila moja niliuliza swali moja: mna dawa ya kiambato hiki, miligramu hizi, ya kampuni yoyote iliyosajiliwa, na pakti ina vidonge vingapi? Hilo la mwisho usilisahau. Pakti moja niliyoona ni rahisi ilikuwa na vidonge 21, nyingine "ghali" ina 28. Gawa bei kwa idadi ya vidonge ndipo ulinganishe. Tofauti kati ya famasi ya kwanza na ya nne, kwa dawa ile ile, ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Leo nalipa 38,000 kwa mwezi kwa zote mbili. Nilipobadilisha kampuni nilinunua ya mwezi mmoja kwanza, nikaona mwili umekubali, ndipo nikaanza kununua za miezi mitatu pale nikipata hela ya sare za shule mwezi wa kwanza. Angalia tarehe ya kuisha muda, na usiziweke juu ya kabati la bati. Joto la Februari huku unalijua.

Kama una kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa, au mzee bado yumo kwenye bima yoyote, uliza kabla hujatoka chumba cha daktari kama kiambato hicho kimo kwenye orodha yao. Kikiwa hakimo, pengine kingine cha aina hiyo kimo, na kubadilisha cheti ukiwa bado umekaa pale ni dakika mbili.

Kuna dada hapo juu amekushauri uchukue vidonge vya uzazi wa mpango kliniki kwa kuwa ni bure na "vina homoni zile zile". Tafadhali usifanye hivyo. Estrojeni ya kwenye vidonge hivyo ina nguvu nyingi kuliko ya dawa ya komahedhi, na kwa umri wetu, hasa mwenye presha au anayevuta sigara, hatari ya damu kuganda na kiharusi ni ya kweli. Wale wa virutubisho vya mtandao nao niliwapa 180,000 mwaka wa kwanza, joto halikushuka hata siku moja.

Kile kidonge cha mpwa wako nadhani ni Veozah, fezolinetanti. Si homoni, kinafanya kazi kwenye sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili. Kiliidhinishwa Marekani Mei 2023, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 550 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa hela yetu. Wenzetu kule wanapunguziwa na bima na kadi za punguzo za kampuni, na kadi hizo hazivuki bahari. Halafu Desemba 2024 kikawekewa onyo kali kuhusu ini. Mtumiaji anapimwa ini kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, tena mwezi wa sita na wa tisa. Jumlisha na hivyo vipimo. Asiyetakiwa kutumia homoni, kama aliyewahi kuugua saratani ya matiti, amuulize daktari kuhusu venlafaksini au gabapentini. Ni dawa za zamani zilizotengenezwa kwa magonjwa mengine, zinapunguza joto kiasi, na bei yake si ya kutisha.

Na kama shida yako kubwa ni ukavu na maumivu ukiwa na mzee, joto unalimudu, mwambie daktari hivyo hivyo bila aibu. Kuna estrojeni ya kupaka ukeni, kidogo sana, na tyubu moja inakaa muda mrefu. Huenda hata vidonge usivihitaji.

Piga picha cheti chako, ufiche jina lako, utuwekee hapa. Jumatatu nashuka mjini kununua nyuzi, nitapita famasi zangu nne na kukuandikia bei ya kila moja. Dawa ya leo na kesho unayo, au imeshakatika?