Nyumba za zamani Mwanza: usisubiri serikali ikulindie

Ukipita Mtaa wa Rufiji au Lumumba, tazama juu ya mabango ya maduka. Kwenye baadhi ya nyumba bado utaona nakshi za lipu, nguzo za baraza, na mwaka wa ujenzi ulioandikwa pale juu karibu na paa. Nazipenda mno nyumba hizi, na inaniuma kila ninapokuta uzio wa mabati umezungushiwa mojawapo.

Wengi wanaamini kwamba jengo likishakuwa kongwe, sheria inalilinda. Kwa Mwanza sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa 1892, na reli kutoka Tabora ilifika 1928. Kwa hiyo mji wetu wote wa kati, pamoja na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata pamba, uko nje ya tarehe hiyo. Jengo la baadaye hulindwa pale tu waziri anapolitangaza rasmi. Kabla ya hapo, mwenye kauli ni mwenye nyumba, na mara nyingi hao ni warithi wasioelewana.

Sisi tulikuwa warithi wa namna hiyo. Baada ya mzee kufariki, dalali alituletea mtu aliyetaka kubomoa na kupandisha ghorofa, chini fremu za maduka, nasi tupewe sehemu. Kaka zangu walishawishika, na siwalaumu, maana paa lilikuwa linavuja na kodi ilikuwa ndogo. Kuwaambia habari za historia hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni karatasi ya hesabu: gharama ya kubadilisha mabati na mbao zilizooza, kodi tutakayopata tukigawa vyumba vya mbele, na muda ambao tungekaa bila kipato chochote wakati wa ujenzi. Dada yetu mkubwa aliisoma mbele ya kikao cha familia, na dalali hakuitwa tena. Kwa hiyo, unayetaka kuokoa nyumba ya familia, nenda kikaoni na namba. Na ufanye hivyo mapema, kabla mtu hajapokea hela ya kishika uchumba.

Mkishakubaliana, anzeni na paa. Kuta za zamani huvumilia mengi, ila maji yakiingia kwa juu hazidumu.

Halafu msimamie fundi kwenye lipu, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibiwa na watu wenye nia njema. Kuta zetu ni tofali laini za kuchoma zilizojengwa kwa chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea. Gonga ukuta kwa kidole: ukisikia mlio wa debe tupu, lipu imeshaachia. Tulipoibandua ya kwetu, tofali zilikuwa zinamomonyoka mkononi, zimejaa chumvi nyeupe. Tulirudia kwa chokaa, sehemu moja kwa mchanga tatu, mchanga umechekechwa vizuri. Fundi atakubembeleza aongeze saruji kidogo “ili ishike.” Mkatalie, hata akinuna.

Kama wewe ni mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa, kwenye majengo yaliyotwaliwa na serikali mwaka 1971, hesabu za paa si zako. Andikeni barua wapangaji wote kwa pamoja, mpeleke nakala kwa diwani na ofisi ya mipango miji ya Jiji, mkiambatanisha picha. Picha zipigwe zote: ngazi, madirisha, vigae vya sakafu, ua wa nyuma. Ni vigumu kulitetea jengo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika popote.

Na milango. Sheria ile ile inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki, hata kama nyumba yenyewe haimo. Akija mtu na pikapu akitaka kununua mlango wako “wa zamani,” usipokee hela. Upige picha mlango na fremu yake, kisha uulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale.