Mstari wa droni yako hauonekani kwenye ramani? Upo, umeuzika mwenyewe

Juzi usiku kama saa tano hivi mdau mmoja wa Manyoni kanitumia meseji: "Kaka habari za saa hizi, ile rekodi ya njia iliyopita droni nimeiingiza Google Earth ila sioni kitu, jina la faili liko pale pembeni lakini mstari wenyewe hakuna." Nikacheka peke yangu mpaka waifu akageuka kuniuliza nachati na nani. Nilicheka kwasababu hilo swali lilinitesa mimi siku mbili nzima, nikafuta programu nikaiweka upya, nikabadilisha leptopu, nikanunua bando jingine, kumbe mstari ulikuwepo muda wote chini ya ardhi, nimeuzika mwenyewe kwa mikono yangu.

Iko hivi. Droni nyingi tunazotumia sisi zinapima kimo kwa mgandamizo wa hewa, na zinaanza kuhesabu sifuri pale ulipoirushia. Ikipanda ikakuambia 60 maana yake ni mita 60 juu ya pale ulipoondokea, sio juu ya bahari. Sasa ukitoa ile rekodi kwenye simu ukaigeuza kuwa faili la KML (lile faili la njia na alama ambalo Google Earth inalisoma) halafu ukachagua vimo visomwe kuanzia usawa wa bahari, pale palipoandikwa Absolute, unaiambia programu droni iliruka mita 60 juu ya bahari. Jamaa wa Dar akifanya hivyo mstari wake unatokea vizuri tu tena anakurekodia na video ya mafunzo, maana Dar na bahari ni mtu na jirani yake. Sisi Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari. Mita 60 kwetu ni kilometa nzima chini ya miguu ya watu, huko hata wachimba visima hawafiki.

Kabla ya hapo nilishakosea kwingine ambako naona aibu hata kukuandika. Kwenye KML inaanza longitudo, halafu latitudo, halafu kimo. Mimi nikatanguliza latitudo kama tunavyosema mdomoni. Nikafungua, programu ikazunguka dunia ikaenda kutua baharini karibu na Tangier, Moroko. Shamba la zabibu la Dodoma, liko baharini! Nikageuza namba, ila nikasahau alama ya kutoa kwenye latitudo, nikaibukia kusini mwa Ethiopia. Kwahiyo wewe mdau wa Manyoni ambaye uko Manyoni kweli ila mstari tu ndo hauonekani, umenizidi.

Basi watu wengi wakigundua mstari umezikwa wanakimbilia lile chaguo la pili, vimo vihesabiwe kuanzia ardhini. Mstari unatokea, wanafurahi, wanapiga skrinshoti wanaweka status. Ni uongo ule. Programu inachukua mita 60 inaziongeza juu ya ardhi iliyo chini ya kila nukta, kwahiyo kama droni ilipita juu ya korongo mstari unazama korongoni, ikipita kilima mstari unapanda kilima kama mbuzi. Droni haikufanya hivyo, droni ilienda moja kwa moja kimo kilekile. Na hapa ndo nina kidonda, ngoja nikitoe.

Miaka mitatu iliyopita nilipata kazi ya kupiga picha shamba la zabibu njia ya Iringa, ukishapita Bihawana. Mwenye shamba simtaji, ni mtu mkubwa kwa umri na kwa mfuko. Vibali nilikuwa navyo vyote (na wewe kavitafute, usije ukasema nilikufundisha kurusha kienyeji). Sehemu ya kurushia ilikuwa chini getini, shamba linapanda taratibu kuelekea kwenye majabali, yale majabali yetu ya Dodoma unayajua, jiwe limekaa juu ya jiwe mpaka unajiuliza nani alilipandisha. Nikaweka kimo mita 40, mistari inaenda inarudi. Mistari sita safi. Wa saba nikasikia mlio mmoja mkavu kama mtu kavunja kijiti, picha kwenye simu ikazunguka, nikaona anga, nikaona jiwe, nikaona anga, halafu giza.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasema, "Kijana, umekuja kucheza au kufanya kazi?"

Nikamwambia, "Hapana mzee, naomba kesho nikuletee rekodi uone ilipopita."

Rekodi haifi na droni, inabaki kwenye simu uliyoifunga kwenye rimoti, hilo lishike. Usiku ule nikakaa nayo. Kwanza mstari ukapotea siku mbili kama nilivyosema, kwahiyo "kesho" ikawa keshokutwa na mzee akazidi kununa. Baadae ndo nikapata akili. Ukipeleka kishale pale getini, Google Earth inakuandikia chini kulia mwinuko wa ile sehemu, ikaniandikia mita 1,090. Nikafungua rekodi kama jedwali, kila kimo nikaongeza 1,090, kwahiyo 40 ikawa 1,130, nikarudisha kwenye faili, nikachagua Absolute. Mstari ukainuka! Nikawasha na ile sehemu ya kushusha pazia kutoka kwenye mstari mpaka chini, nikalaza ramani nikaangalia kwa ubavu. Aisee. Unaona mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo na ardhi inaupandia kutokea chini, pazia linazidi kuwa fupi. Na chukua mwinuko wa kuanzia humohumo kwenye programu, usitoe kwenye GPS ya simu, maana GPS kwa asili inapima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu na sio usawa wa bahari, na vifaa vingine havisahihishi, huku kwetu hiyo tofauti inazidi mita kumi.

Nikaenda kwa mzee na leptopu kifua mbele. Nikamzungushia, nikamuonyesha. Mzee akavaa miwani, akainama, akaweka kidole kwenye skrini pale mwisho wa mstari.

"Hapa chini pameandikwa ngapi?"

"1,118, mzee."

"Na kidude chako?"

"1,130."

"Kwahiyo kilipita juu mita kumi na mbili. Hakijagonga mlima. Umekiangusha mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Nilikunja leptopu nikaondoka, na hela sikulipwa mpaka leo, hata ya ile mistari sita iliyokamilika. Nasema tu.

Jibu nilikuja kulijua baadae. Ile ardhi unayoiona kwenye ramani za hivi sio picha ya kila jiwe. Data ya mwinuko maarufu zaidi, ambayo ramani nyingi za dunia zimeegemea, ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, safari ya siku 11, na hata toleo lake zuri la wazi lina kipimo kimoja kila baada ya mita 30 hivi. Sasa jabali lenye upana wa mita 15 linaingia katikati ya vipimo viwili likapotea, au linalainishwa linakuwa kituta. Ile picha ya satelaiti inayotandikwa juu ndo inadanganya zaidi, unaliona jiwe na kivuli chake unajua limehesabiwa, kumbe limechorwa tu kwenye shuka.

Nikarudi kule. Sio kwa mzee, kwa nyuma, upande wa wachunga mbuzi. Kijana mmoja wa pale akapanda juu ya jabali kama anapanda ngazi ya kwao, nikamrushia kamba ya katani tuliyofunga kijiwe mwishoni, akaishusha mpaka ikagusa chini, akabana na vidole pale ukingoni, akashuka nayo. Tukaitandaza mchangani tukapima na futi: mita 17. Mita 12 ndo nilizokuwa nazo. Tano zilizozidi zote zilikuwa jiwe. Kijana akaniambia na propela ameiona, imeingia kwenye ufa mkono haufiki.

Sikumrudia mzee. Waifu alinishauri niende, nikakataa, najua angenitafutia jambo jingine.

Ila tangu siku hiyo sirushi eneo sijalizunguka kwa miguu, na ninyi vijana mnaopenda kukaa chini ya mti mnapanga njia kwenye skrini halafu mnabonyeza kitufe, nawaambia ndugu zangu, shuka kwenye bodaboda, tembea, tazama mbuyu una urefu gani, uliza wenyeji nguzo za umeme ziko wapi. Wiki iliyopita nimepata kazi shamba la jirani kabisa na lile, majabali yaleyale. Nimechora njia kwanza, nikaongeza mwinuko wa kuanzia, kila jiwe nimelipima kwa kamba nikaliwekea alama yenye kimo chake halisi, mwenye shamba akaona mistari inapita juu ya alama zote ndo nikarusha. Mistari 14, betri nne, imerudi nzima. Nilipokuwa nakunja vitu gari la mzee likapita barabarani. Sijui kama aliniona. Natamani aliniona.

Basi yote haya nikamuandikia yule mdau wa Manyoni, meseji ndefu usiku uleule, kuhusu kuongeza mwinuko, kuhusu pazia, mpaka jiwe. Asubuhi nikakuta amejibu.

"Kaka asante sana, ila bado hauonekani."

"Umeongeza ngapi?"

"1,090 kama ulivyosema."

Manyoni imeipita Dodoma zaidi ya mita mia. Nikamwambia mdogo wangu, peleka kishale pale uliporushia wewe, kasome chini kulia.