Umemaliza kemo na unataka kupima Ukimwi? Mwambie mpimaji kwanza

Nilipomaliza kemo ya limfoma, saratani ya tezi za limfu, nilikuwa nimekonda hadi majirani zangu wa Kondele wakawa wananitazama kwa huruma yenye swali ndani. Hakuna aliyeliuliza. Kilichonivunja ni karatasi ya maabara: CD4 yangu ilikuwa chini sana. Kwetu Kisumu neno hilo lina maana moja tu. Niliificha mkobani siku tatu mume wangu asiione.

Wewe uliye na karatasi kama hiyo, nisikilize kabla hujalia. CD4 ni chembe za damu za kinga, na kemo huziangusha hata kwa mtu asiye na virusi kabisa. Kushuka kwake hakusemi una Ukimwi.

Nikaenda kupima. Kidole kikadungwa, tukasubiri, ukatokea mstari mmoja. Sina. Nilikuwa nimeshafika Kibuye kutafuta matatu niliporudiwa na maneno ya dada mshauri, kwamba kipimo kile hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo. Na mwili wangu ulikuwa na nguvu gani ya kutengeneza chochote? Nikarudi.

Namshukuru dada yule mpaka leo. Alinikalisha akauliza kemo ya mwisho ilikuwa lini, nilipewa dawa gani, na hofu yangu ilianzia wapi. Miezi miwili nyuma mume wangu alikuwa ameniambia jambo ambalo sitaliandika hapa. Na kati ya dawa zangu kulikuwa na rituksimabu, ambayo hufagia chembe B, zile zile zinazozaa viwanda vya kingamwili. Baada ya dozi ya mwisho huchukua miezi mingi kurudi.

Walio wengi waliopita kwenye kemo, kipimo cha kidole huwasomea sawasawa. Aliyeambukizwa zamani tayari ana kingamwili nyingi, na haziishi kirahisi. Shaka iko kwa aliyeambukizwa karibuni, kinga yake ikiwa imelala. Mtu mzima wa afya husubiri hadi siku 90 ndipo aliamini jibu la kidole. Mwenye hali kama yangu kingamwili zake zinaweza kuchelewa zaidi, ingawa ni nadra.

Kwa hiyo omba kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, PCR. Damu hutolewa mshipani, na kwa kawaida huviona kati ya siku 10 na 33 tangu maambukizi. Ukiambiwa hicho ni cha watoto wachanga, usinyamaze. Watoto hupimwa hivyo kwa sababu huzaliwa na kingamwili za mama, kwa hiyo kwao kingamwili hazithibitishi kitu. Kwangu pia hazikutosha, kwa sababu nyingine. Daktari wa saratani aliniandikia barua, mlango ukafunguka.

(Kama tukio linalokutia hofu ya kuambukizwa halijapita saa 72, usisubiri kipimo chochote: kimbilia kituo uombe PEP, dawa za kinga za siku 28.)

PCR yangu ilitoka safi. Nilirudia kipimo cha kidole baada ya miezi mitatu, kisha tena chembe zangu ziliporudi juu. Safari hiyo ya mwisho tulikwenda na mume wangu, naye akapimwa, na karatasi zote mbili tukazisoma pamoja kwenye benchi la nje.