Waziri Mkuu Ametuchosha: Tugonge Mlango Gani?

Maswali ya wasomaji wa Lubumbashi

Barua za mwezi huu zinafanana. Bei ya unga, umeme unaokatika, mshahara wa walimu, vita vya mashariki, na karibu kila moja inaishia kwa waziri mkuu na chama tawala. Hasira hiyo ina haki yake. Tumechagua barua zinazouliza jambo la kutenda, na tunajibu kwa kufuata Katiba ya Kongo (DRC) ya tarehe 18 Februari 2006 kama ilivyorekebishwa mwaka 2011.

Jambo ba papa na ba mama wa gazeti. Hapa Katuba hakuna anayemtaka waziri mkuu tena. Kwa nini rais hamfukuzi tu tukapumua? (Mwalimu, Katuba)

Jambo, mwalimu. Kwa maandishi ya Katiba, rais hana uwezo wa kumfukuza. Kifungu cha 78 kinampa kazi ya kumteua waziri mkuu kutoka upande wenye wabunge wengi, baada ya kuuliza upande huo. Kumwondoa ni jambo jingine: kazi ya waziri mkuu inakoma pale anapoleta barua ya kujiuzulu kwa serikali yake. Ni kweli kwamba rais mwenye wabunge wengi nyuma yake anaweza kumwomba aiandike, na ni vigumu kukataa. Lakini chombo ambacho Katiba imekipa nguvu ya kuiangusha serikali ni Bunge la Taifa, na njia yenyewe ni hoja ya kutokuwa na imani, ile motion de censure ya vifungu vya 146 na 147.

Shika hesabu hii. Wabunge ni 500. Ili hoja ipokelewe inahitaji saini za robo yao, yaani 125. Ikishawekwa, mjadala na kura haviwezi kufanyika kabla ya saa 48 kupita. Ili ipite inahitaji kura 251, na hiyo ni zaidi ya nusu ya wabunge wote wanaounda Bunge, wala si nusu ya waliofika siku ile. Ikipita, serikali nzima inahesabiwa imejiuzulu, na waziri mkuu ana saa 24 za kumkabidhi rais barua yake.

Hoja nyingi zinafia katikati ya 125 na 251, na sababu yake watu wengi hawaioni. Kinachohesabiwa ni kura za kuikubali hoja peke yake. Mbunge aliyesafiri, aliyeugua, aliyebaki nje akiongea na simu, wote hao wameisaidia serikali sawasawa na yule aliyeipigania waziwazi. Kwa hiyo mbunge wako akirudi Lubumbashi akakuambia «mimi sikuwaunga mkono», muulize kama alikuwa ndani ya ukumbi na kama alipiga kura ya ndiyo. Hakuna jibu la katikati.

Kuna mtego wa pili. Hoja ikikataliwa, waliotia saini hawaruhusiwi kuleta nyingine katika kikao kilekile. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka: tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na 15 Septemba hadi 15 Desemba. Wabunge 125 wakirusha hoja kwa pupa mwezi wa Aprili ikaanguka, wamefungwa mikono hadi Septemba. Mara nyingine serikali yenyewe haina haja ya kuogopa hoja iliyoletwa mapema hivyo, maana inajua itashinda na kupata utulivu wa miezi.

Je, iliwahi kufaulu? Ndiyo, na si zamani. Tarehe 27 Januari 2021 serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba iliangushwa kwa kura 367. Yeye hakwenda bungeni. Aliona ofisi ya muda iliyoongoza kikao, chini ya mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, haina mamlaka ya kumhukumu. Kura ikapigwa bila yeye, na siku mbili baadaye akajiuzulu. Angalia lakini nini kiliiwezesha. Desemba 2020 rais Tshisekedi alitangaza mwisho wa muungano wa FCC (kundi la rais wa zamani Kabila) na CACH (kundi lake mwenyewe), wabunge wakaanza kuhama, na hesabu ikageuka. Wengi wa waliomwangusha walitoka katika muungano uleule uliomweka. Serikali inaanguka pale wabunge wake wenyewe wanapoona kubaki nayo kunawagharimu kuliko kuiacha. Kazi ya mwananchi ni kuifanya gharama hiyo ionekane.

Na ukitaka kuanza na mmoja badala ya wote: hoja dhidi ya waziri mmoja inapokelewa kwa saini 50 tu, sehemu ya kumi ya wabunge. Kura ya kuipitisha bado ni 251.

Basi rais avunje Bunge, twende kwenye uchaguzi. (Kijana, Kampemba)

Kifungu cha 148 kinaruhusu, kukiwa na mgogoro wa kudumu kati ya serikali na Bunge la Taifa. Lakini kinakataza kuvunja katika mwaka unaofuata uchaguzi, wakati wa vita, na wakati wa hali ya dharura au ya kuzingirwa (état de siège, wanajeshi wakishika utawala). Ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri waliwekwa chini ya hali hiyo ya kuzingirwa Mei 2021. Zaidi ya hayo, kama Bunge na serikali ni wa upande mmoja, huo mgogoro uko wapi? Wananchi kuchoka hakutajwi katika kifungu hicho.

Mimi ni mama, nauza unga soko la komini ya Kenya, hapa mjini. Barabara ya kwetu ni mashimo, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi chumbani. Nimwandikie waziri mkuu? (Mama muuza unga)

Mama, usianze naye. Barua yako itazurura Kinshasa wakati mlango wa kwanza uko hapahapa mjini.

Fuata pesa. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, mrabaha unaolipwa na makampuni ya madini unagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo linalojitawala (kama mji au komini) ambamo mgodi upo, na 10% mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Zile 25% na 15% hazimsubiri waziri mkuu. Kwa hiyo swali la mifereji na barabara za kartie (mtaa) linaanzia kwa burgumesta, mkuu wa komini, na meya, kisha kwa gavana na wabunge wa jimbo. Waulize: fungu la mwaka huu limeingia kiasi gani, na barabara yetu iko katika mpango wa kazi au haipo? Ni maswali mafupi, na mtu akiyakwepa kila mtu anaona amekwepa.

Gavana naye anaweza kuangushwa. Kifungu cha 198 kinapeleka kanuni zilezile za 146 na 147 kwa serikali ya jimbo, mbele ya Bunge la Jimbo.

Waziri mkuu anaingia pale gavana anapokujibu kwamba Kinshasa haijatuma fungu lake. Kifungu cha 175 kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo na inakatwa palepale pesa inapoingia. Magavana wamelalamika miaka mingi kwamba haifiki yote. Hilo ndilo la kumshika nalo waziri mkuu: ni kifungu chenye namba, na serikali yake inapaswa kulijibu.

Tuna chama cha wazazi hapa Ruashi. Tunataka kukusanya saini dhidi ya serikali. Watu wanaogopa. Tufanyeje? (Katibu wa chama, Ruashi)

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya kuanzisha ombi hilo. Kisomeni kifungu hiki kwa sauti kabla ya kuomba saini ya kwanza. Kinapunguza woga kuliko hotuba.

Idadi ya chini ya saini haipo. Zile 100 000 mnazozisikia ni za kifungu cha 218, yaani ombi la kurekebisha Katiba. Msizichanganye.

Andikeni ombi la ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, na muwe na nakala ya Kiswahili ya kumsomea kila anayetia saini. Mtu asitie kidole kwenye asichokielewa. Liwe na ombi moja. «Serikali iondoke» ni hasira ya haki, ila hakuna ofisi inayoweza kulijibu ndani ya miezi 3. «Tunamwomba mbunge wetu amuulize waziri mkuu kwa swali la mdomo lenye mjadala kwa nini walimu wapya wa shule hizi hawajaingizwa kwenye mishahara» linajibika, na likikosa jibu mnajua nani amekosa.

Karatasi za saini ndizo zinazoharibika zaidi, basi hapo tukae kidogo. Juu ya kila ukurasa, si wa kwanza tu, rudieni kichwa cha ombi na sentensi ya ombi lenyewe. Karatasi yenye majina matupu inaweza kubandikwa kesho kwenye barua ya kumshukuru waziri mkuu huyohuyo, na wenye majina hawana la kusema. Chini andikeni namba: 1/8, 2/8, mpaka mwisho. Wekeni safu za namba, jina kamili, komini na kartie, kisha saini au kidole gumba. Namba ya karte ya uchaguzi inasaidia kuonyesha kwamba mtu yupo kweli, lakini mtu aisome mwenyewe na kuiandika. Msikusanye karte za watu nyumbani kwa katibu hata usiku mmoja. Mistari iliyobaki wazi pigeni mkwaju ili asiongezwe mtu. Na mwandiko mmoja usijaze majina kumi, maana mpokeaji akiuona atasema yote ni ya kubuni.

Toeni nakala tatu. Moja kwa mliyemwandikia, moja kwa mbunge, moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyepokea, ile accusé de réception. Bila hiyo miezi 3 haina pa kuanzia. Karani akikataa kupiga muhuri, tumeni kwa shirika la usafirishaji na mtunze risiti. Mkikabidhi tarehe 3 Machi, hesabu inaisha 3 Juni, Bunge likiwa bado limekaa, na mbunge ana nafasi ya kuuliza. Mkikabidhi mwanzoni mwa Juni, jibu mtalingojea Bunge likiwa limefungwa. Miezi hiyo ya mapumziko ifaeni kwa kazi nyingine: ndipo wabunge wanarudi mjini na wanapatikana ana kwa ana.

Mkitaka kutembea barabarani na ombi lenu, kifungu cha 26 kinadai muijulishe mamlaka kwa maandishi. Hapo pia muhuri ni lazima, na barua itaje siku, saa, mahali pa kuanzia, njia na mahali pa kumalizia. Barua isiyotaja njia inawapa sababu rahisi ya kuwazuia.

Kaka yangu aliye London anasema huko chama kinamtoa waziri mkuu wake chenyewe, na watu wanaweza hata kumrudisha mbunge nyumbani. Sisi je? (Msomaji, Kamalondo)

Kaka yako anasema kweli, kwa sehemu. Uingereza waziri mkuu ni kiongozi wa chama, kwa hiyo wabunge wa chama wakimchoka ameisha. Boris Johnson alishinda kura ya chama chake tarehe 6 Juni 2022 kwa 211 dhidi ya 148, na bado mwezi mmoja baadaye alitangaza kuondoka. Liz Truss, aliyemfuata, hakumaliza miezi 2. Bunge lenyewe likiangusha serikali kule, mara nyingi nchi inakwenda kwenye uchaguzi: James Callaghan alianguka Machi 1979 kwa kura 311 dhidi ya 310, tofauti ya mtu mmoja. Kwetu serikali ikianguka wabunge wanabaki vitini, na rais anateua waziri mkuu mwingine.

Kumrudisha mbunge ni sheria yao ya mwaka 2015: katika makosa maalumu, kama kifungo au kusimamishwa bungeni, 10% ya wapiga kura wa jimbo lake la uchaguzi wakitia saini kiti kinakuwa wazi. Kwetu haipo. Kifungu cha 101 kinasema mbunge anawakilisha taifa zima na hawezi kufungwa na amri za waliomchagua. Lakini kifungu cha 110 kinasema anapoteza kiti akikosa bila ruhusa wala sababu zaidi ya robo ya mikutano ya kikao kimoja, kama kile cha Machi hadi Juni. Muulizeni mahudhurio yake.

Nilimtukana waziri kwenye kundi la WhatsApp. Rafiki anasema nitakamatwa. (Msomaji, Annexe)

Inawezekana, ndugu. Sheria ya jinai inaadhibu kumtusi mjumbe wa serikali kuhusu kazi yake, na sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kueneza habari za uongo dhidi ya mtu mtandaoni, ukiwemo kusambaza za mwingine. Tunaona sheria hizi ni nzito mno kwa nchi inayotaka watu waseme, lakini zipo. Kosoa kitendo: taja uamuzi, tarehe, kiasi cha pesa, ahadi iliyovunjwa. Acha mwili wa mtu, mama yake na kabila lake. Na sauti isiyo na jina la aliyeirekodi usiisukume mbele.

Uchaguzi ujao tutawaadhibu. Lakini mgombea wa chama tawala hapa kwetu ni jirani mwema. Nimpe yeye kura na chama nikinyime? (Mama, komini ya Lubumbashi)

Mama, hilo haliwezekani kwa ubunge wa hapa mjini. Viti vyetu vinagawanywa kwa orodha: unampigia mtu mmoja, lakini kura yako kwanza inajumlishwa na za wenzake wa orodha ili kujua orodha inapata viti vingapi. Baada ya hapo ndipo wenye kura nyingi ndani yake wanavikalia. Jirani yako akishindwa, kura yako inaweza kumwingiza mwenzake usiyemjua, na huyo ndiye atakayehesabiwa kwenye zile 251.

Tena chama tawala hakiji na jina moja. Wenye upande wa serikali wanagombea kupitia makundi mengi, mengine yana majina ambayo hujawahi kuyasikia, kwa sababu orodha inahitaji kuvuka 1% ya kura za nchi nzima. Mgombea akija kugonga mlango, muulize jina la orodha yake, nani anaiongoza Kinshasa, na orodha hiyo itamwidhinisha waziri mkuu wa upande gani. Majibu yaandike pembeni ya namba yake ya karatasi ya kura.