Usiniambie inalia, niambie inatema

Wiki iliyopita kijana mmoja kati yenu alifunga pampu ya tatu ya ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapojikusanya, kwenye boti moja. Ya tatu! Mwenye boti katoa pesa mara tatu, na kila mara kijana kaapa kwamba pampu za siku hizi mbovu. Zile mbili zilizotolewa nilizikuta zimetupwa kwenye kona ya banda. Nikazitia kwenye pipa la maji, nikagusisha nyaya kwenye betri. Zote mbili zikarusha maji mpaka kwenye makuti. Hakukuwa na pampu iliyokufa pale hata moja.

Siku ile sikulala vizuri. Najua kosa lilikuwa wapi, na najua limewahi kugharimu nini. Basi wanangu mnaoanza kazi, mnaojua tayari kukaza klipu na kubana nyaya, nipeni sikio. Nasema hasa juu ya hizi pampu ndogo za volti 12 zinazokaa chini kabisa majini, maana ndizo zinazowatoa jasho.

1. Vua mpira kwanza. Pampu inazunguka na maji hayatoki? Fungua mpira wa kupitishia maji kwenye mdomo wa pampu, iache majini, washa. Ikirusha, pampu ni nzima na ugonjwa uko mbele yake: mpira, valvu, au tundu la nje. Isiporusha, tafuta kwenye pampu yenyewe au kwenye umeme. Hiyo ni kazi ya dakika moja, na inafanywa kabla hujamtuma mtu dukani.

2. Vua chujio, tazama impela, ile feni ndogo inayosukuma maji. Kwenye ngama zetu nimetoa pamba ya kalafati, magamba ya samaki, maranda ya mbao, na mshipi wa nailoni uliojiviringisha kwenye shafti mpaka ukawa kama uzi kwenye kibiringo. Kisha shika impela kwa vidole uizungushe. Ikizunguka peke yake bila kuvuta mota, imeachia shafti. Hapo mota italia vizuri sana, tena kwa sauti nyororo kuliko ya kawaida, na hakuna tone litakalotoka.

3. Nyaya. Wengi mnaingia kwenye boti mkitokea kwenye pikipiki, na hapo ndipo mnapojichanganya. Kwenye pikipiki zinazofuata nyaya za Honda, nyeusi ni chanya inayotoka kwenye swichi, na kijani ndiyo ethi, yaani hasi. Kwenye pampu ya boti nyeusi ni hasi. Ukiifunga kwa mazoea ya pikipiki, mota inazunguka kinyume, sauti ni ileile, na maji yanatoka kidogo kidogo kama mtoto anayekojoa. Kuna kijana nilimpenda sana kwa bidii yake, alishinda siku nzima akibadilisha mpira, klipu, hata betri. Jioni nilimwambia ageuze nyaya mbili tu. Alikaa chini mchangani akazitazama muda mrefu. Leo ni fundi wa umeme wa boti ninayemwamini kuliko wote, na kitu cha kwanza anachosoma ni karatasi iliyokuja na pampu.

4. Pima volti kwenye pampu, ikiwa inazunguka. Betri inaweza kukuonyesha 12.6 huku pampu inapata 10, kwa sababu kiungo cha waya kimeota ule unga wa kijani. Nguvu ya kupandisha maji haishuki sawasawa na mwendo wa mota, inashuka kwa mraba wake. Toa volti mbili na nusu hizo na zaidi ya theluthi ya kimo cha kupandisha maji inaondoka. Inazunguka, inalia, na maji yanaishia katikati ya mpira.

5. Valvu ya njia moja. Hapa nivumilieni, maana hili ni langu.

Mwaka 2011, msimu wa kusi, nilifunga pampu kwenye mashua moja ya injini ya dizeli pale Nungwi. Pampu nzuri, mpya, ya galoni 1,100 kwa saa. Baada ya siku mbili mwenyewe akanijia. Kila pampu ikizima, maji yaliyobaki kwenye mpira yanarudi chini, yanainua swichi ya boya, pampu inawaka tena. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, inakula betri. Nikamwambia hilo dogo. Nikafunga valvu ya njia moja juu kidogo ya pampu, ili maji yaliyokwisha panda yasirudi.

Maji yalikuwa yametoka na mashua imekaa mchangani, kama kawaida tunavyofanya kazi. Nikamwaga ndoo mbili za maji kwenye ngama. Pampu ikawaka, ikatema yote nje, ikazima, na safari hii haikurudia. Nikafurahi. Mwenyewe akafurahi. Nikapokea pesa yangu nikaenda.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatokea ndani, ambacho mimi sikukifikiria. Pampu ya aina hii haijui kuvuta hewa. Impela yake inasukuma maji yaliyokwisha izunguka, basi. Ngama ilipokauka, hewa iliingia kwenye tumbo la pampu. Juu yake kulikuwa na valvu imefungwa, na juu ya valvu mpira uliojaa maji, yanaikandamiza. Maji mapya yalipoingia ngamani yaliifunika pampu, lakini ile hewa ilibaki ndani, haina pa kutokea. Impela ikawa inazunguka ndani ya povu la hewa. Hewa haina uzito wa kusukumwa kwa namna ile, kwa hiyo haikuweza kufungua valvu iliyobeba maji ya zaidi ya mita moja. Bila valvu ile, maji ya kwenye mpira yangerudi chini yakafukuza hewa, na pampu ingeanza upya kila mara. Kile nilichokiona ni kero ndicho kilichokuwa kinaifanya pampu iwe hai. Ndiyo maana ilitema mara ya kwanza, mpira ukiwa bado mtupu, na isiteme mara ya pili. Nami niliijaribu mara moja.

Usiku wa pili mashua ilikuwa nangani, imesheheni, na mtoto wa mwenyewe, kijana wa miaka kumi na sita, analala ndani kuilinda. Gilandi ya shafti, ile inayoziba maji pale shafti inapotoka nje ya chombo, ikalegea. Maji yakawa yanaingia uzi mwembamba tu, tuseme lita nne kwa dakika. Pampu ile ingeyatoa maji hayo huku inapumzika. Lakini lita nne kwa dakika, kwa saa nane, ni karibu lita 1,900. Alfajiri tezi, upande wa nyuma wa chombo, ilikuwa imezama, stata na altaneta zimo majini, betri imekufa, mzigo umeloa.

Nilipofika, baba yake alikuwa anamfokea kijana mbele ya watu wote. Kwamba alilala kama gogo. Kwamba hakujali. Kijana akajibu maneno haya, ninayo mpaka leo: "Baba, nilikuwa nikiisikia. Usiku kucha ilikuwa inalia. Nikajua inatoa maji."

Sikusema kitu. Nilikuwa sijajua kwa hakika, hilo ni kweli, lakini nilikuwa nimeshashuku, na nikanyamaza. Tulifua maji kwa ndoo mpaka yakabaki ya magotini. Nikaleta betri nyingine, nikawasha pampu. Ikalia. Nje kukavu. Nikazamisha mikono, nikalegeza klipu kati ya pampu na valvu. Yakatoka mapovu mawili matatu, halafu maji yakaruka kwa nguvu yakanipiga kifuani. Pampu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilikuwa adhuhuri nilipokwenda kwa mwenye chombo nikamwambia kosa ni langu, mtoto hana hatia. Tangu alfajiri hadi adhuhuri kijana yule alibeba aibu yangu, na kati ya hasara zote za siku ile hiyo ndiyo siwezi kuirekebisha. Stata niliinunua. Altaneta tuliikausha, tukaisuka upya.

Mzee aliyenifundisha kazi aliposikia hakunigombeza. Aliuliza tu: "Ulisikia inalia, au uliona inatema? Na uliiona mara ngapi?"

Kwa hiyo: jaribu mara mbili. Mwaga maji, pampu iyatoe, ngama ikauke kabisa, mwaga tena, na ukatazame kwa macho kwenye tundu la nje. Na msifunge valvu ya njia moja kwenye pampu hizi. Kama maji ya mpira yanawasha pampu tena, inua swichi ya boya kidogo, au fupisha mpira. Kama bahari inarudi ndani kupitia tundu la nje chombo kikilala na mzigo, pandisha mpira ufanye kitanzi juu, karibu na sitaha, kisha ushuke kwenye tundu.

6. Mpira upande moja kwa moja. Ukifanya tumbo nyuma ya tangi la mafuta, maji yanakaa pale na hewa inanaswa nyuma yake, hata bila valvu. Na ule mpira wa makunyanzi unaoupenda kwa sababu unapindika kirahisi unakula nguvu ya maji. Tumia laini ndani.

7. Galoni 1,100 za kwenye boksi ni kama lita 69 kwa dakika, na zimepimwa bila kupandisha maji popote. Weka ndoo ya lita 20 kwenye tundu la nje. Ikijaa kwa nusu dakika sisemi kitu. Ikifika dakika nzima natafuta ugonjwa. Na kumbukeni chombo kikitoboka tundu la sentimita mbili na nusu, nusu mita chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika. Ndiyo maana ndoo na upo, ile kata ya kufulia maji, havitoki chomboni, hata ukiwa na pampu ngapi.

Pampu za kiwambo, zile zinazosukuma maji kwa utando wa mpira unaopanda na kushuka, ni jambo jingine. Hizo zinavuta hewa, na zikilia bila kutoa tazama midomo ya mpira ndani na viungo vya upande wa kuvuta.

Zile pampu mbili nimeziosha, ziko bandani. Boti yenyewe niliipanda jana: valvu ya njia moja, juu kidogo ya pampu, imekazwa kwa klipu mbili nzuri kabisa. Kijana aliyeifunga aje kesho maji yakitoka, aje na ndoo mbili. Valvu ataivua yeye mwenyewe, kisha twende pamoja kwa mwenye boti tukamrudishie pampu zake.