Maharage yaliyoungua katika shamba lililopulizwa dawa ya mahindi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa Karatu, mkoani Arusha. Mwezi Machi nilipanda mahindi na kupuliza dawa ya magugu yenye atrazini. Mvua za masika zilikatika Aprili, nikavuna kidogo. Novemba nilipanda maharage katika shamba hilohilo; yaliota vizuri, kisha majani ya chini yakawa njano, kingo zikakauka na miche mingi ikafa. Kaka yangu alipuliza dawa hiyohiyo wiki ileile katika shamba lake lililo chini ya zizi, na maharage yake yamestawi. Muuza pembejeo aliniambia miezi minane inatosha. Inakuwaje dawa iishe kwake na ibaki kwangu?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuilaumu dawa, ng'oa miche michache na uchane shina pale linapokutana na udongo, ukikuta limevimba na kupasuka, na ndani yake mna funza weupe au mabuu ya kahawia, basi mhusika ni inzi wa maharage. Shina likiwa zima, dalili ulizoeleza zinaelekea kuwa za atrazini. Dawa hii haizuii mbegu kuota. Hunyonywa na mizizi, hupanda majanini na kuuzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ndiyo maana mche huonekana salama hadi akiba ya mbegu inapokwisha. Mahindi huvumilia kwa kuwa yanaweza kuiondolea dawa sumu yake ndani ya mmea. Maharage hayana uwezo wa kutosha wa kufanya hivyo.

Vitabu vingi hutaja siku 60 kuwa wastani wa muda ambao nusu ya atrazini huvunjika shambani, na kwa hesabu hiyo baada ya miezi minane ingebaki sehemu moja tu kati ya 16. Lakini hizo ni siku za udongo wenye unyevu na joto. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na bakteria na kuvu, ambao udongo ukikauka karibu husimama, na joto likishuka kwa nyuzi 10 kasi yao hupungua kwa takriban nusu. Kwenu Juni hadi Agosti ni baridi na ukavu kwa pamoja, tena baada ya masika yaliyokatika mapema. Miezi hiyo ilipita kwenye kalenda, lakini ardhini kazi iliyofanyika ilikuwa ndogo.

Shamba la kaka yako lina mambo mawili ambayo nadhani lako halina. Liko chini, kwa hiyo unyevu hukaa, na hupokea samadi inayotiririka kutoka zizini. Mboji huwalisha vijidudu, na papo hapo huishika dawa isinyonywe kwa wingi na mizizi. Jambo la tatu ni pH, yaani kipimo cha tindikali au alikali ya udongo (chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni alikali), ambayo wakulima wengi hawaipimi kabisa. Katika udongo wenye tindikali atrazini huvunjika kikemia hata bila bakteria, ilhali pH inapozidi 7 uvunjikaji huo hupungua sana na dawa hubaki huru kuingia mizizini. Usiifanye hii kuwa kanuni ya kila dawa, kwani klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, kwa mfano, kwa kawaida huvunjika haraka zaidi penye alikali. Mwombe ofisa ugani akusaidie kupeleka sampuli kwenye maabara ya udongo, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano, Tanga, na kabla ya majibu usiongeze chokaa wala majivu, kwa kuwa vyote hupandisha pH.

Kabla ya kupanda maharage tena, chukua udongo wa sentimita 15 za juu kutoka sehemu kadhaa za shamba, hasa kwenye kona ulikogeuzia bomba la mgongoni, kwa maana hapo dawa hupishana na kuwa maradufu. Ujaze katika makopo yaliyotobolewa chini, na mengine uyajaze udongo unaofanana nao ambao haukuwahi kupulizwa. Panda maharage, mwagilia kwa kiasi sawa, weka juani na usubiri wiki tatu, kwani majani mawili ya kwanza pekee hayatoshi kukupa jibu. Miche ya udongo wako ikianza njano huku ile mingine ni mizima, panda mahindi au mtama masika haya bila kurudia atrazini, palilia kwa jembe, na usambaze samadi ya zizi la kaka yako upande wa juu wa shamba pia.