Cheni ya chenso hainunuliwi kwa inchi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina chenso (msumeno wa injini) ya cc 55, bamba lake, ule upanga unaobeba cheni, ni inchi 18, naangushia mipaini huku Mafinga. Cheni ya zamani ilikatika, nikanunua nyingine ya inchi 18. Imevalika, ila nikiivuta kwa mkono inakwamakwama, na nikiwasha inalia kama inasaga mawe. Muuzaji anasema nikate nayo magogo laini siku mbili tatu, itazoea. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na usiiwashe tena. Ivue leo.

Hilo neno “itazoea” nalisikia kila wiki na linanichosha. Cheni mpya hurefuka kidogo saa za mwanzo kwa sababu ribiti, zile pini zinazounganisha vipande vya cheni, zinajikalia kwenye matundu yake, ndiyo maana tunaikaza tena na tena. Muuzaji wako ameuchukua ukweli huo akaubandika pasipohusika. Kurefuka hakugeuzi pichi moja, yaani nafasi kati ya ribiti na ribiti, kuwa nyingine.

Inchi 18 ni urefu wa bamba. Cheni ina vipimo vyake vitatu: pichi, geji (unene wa meno ya chini), na idadi ya meno ya chini, yale yanayotembea ndani ya mfereji wa bamba. Mimi mwenyewe nimeshika mabamba ya inchi 18, yote ya pichi ya inchi .325, moja likitaka meno 68, jingine 72, jingine 74. Sasa anayekuuliza inchi peke yake anakuuzia nini?

Chukua rula. Pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha ugawe kwa mbili. Ukikuta milimita 16.5 kabla ya kugawa, hiyo ni .325. Ukikuta 18.6, ni 3/8 ya inchi. Chenso za ukubwa wa yako nyingi huja na .325, nami nashuku umeuziwa 3/8. Tofauti ni milimita moja na ushee kwa kila hatua, lakini sproketi, lile gurudumu la meno linaloizungusha cheni, haisamehe hata hiyo: jino la cheni halizami kwenye nafasi yake, linapanda juu ya jino la sproketi. Huko ndiko kusaga mawe unakokusikia. Vipimo vikilingana na bado inalia, fungua kava uitazame sproketi. Ikiwa cheni ya zamani imeichimba mifereji, badilisha sproketi kwanza.

Geji nayo usiiache. Ya milimita 1.5 haiingii kwenye mfereji wa 1.3. Ya 1.3 inaingia vizuri kabisa kwenye mfereji wa 1.5, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mwezi uliopita kijana aliniletea bamba ambalo kingo zake zimepanuka kama mdomo wa samaki, chuma kimejikunja nje hadi kinakwaruza kidole. Alikuwa analaumu tupa kwa sababu gogo linakatika upande. Tupa haikuwa na kosa. Cheni nyembamba ilikuwa inalala ubavu ndani ya mfereji mpana.

Vipimo vya kwako vimegongwa kwenye bamba, karibu na injini. Futa oili kwa kitambaa utaviona. Ukitaka kuhamia 3/8 inawezekana kwa mashine nyingi za cc 55, lakini unabadilisha sproketi, bamba na cheni kwa pamoja.

Na kwa kuwa cheni yako ilikatika, usimpelekee yeyote akuungie kwa kuchomelea. Wapo wanaochukua vipande vya cheni mbili, wanavipiga moto wa welding na kukurudishia kwa bei ya soda. Moto ule unaharibu ugumu wa chuma pale pale kwenye kiungo. Injini ikikolea, cheni inakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde, na kipande kikichomoka kwa kasi hiyo hukioni kikija. Wengine hukata kiungo kimoja ili cheni ndefu itoshe, wakarudisha ribiti kwa nyundo. Ribiti ya kugonga kwa kukisia ama inabana au inalegea, na ikilegea itafunguka ukiwa umeinama juu ya gogo.

Rudi dukani na cheni ya zamani, vipande vyote. Hesabuni meno ya chini pamoja, mbele yako, kabla hujatoa hela.